Viza imemwisha Marekani na anataka kuoa: aje Mombasa tufanye harusi au afunge nikahi hukohuko?

Bint Kibokoni

Asalam alaykum ndugu zangu. Naandika kwa ajili ya mdogo wangu, na mamangu asijue kwamba mambo ya nyumbani nimeyamwaga huku.

Mdogo wangu aliondoka Mombasa Agosti 2022 kwa viza ya matembezi, akafikia kwa binamu yetu Columbus, Ohio. Tuliambiwa atakaa kidogo tu arudi. Akapata kazi ghalani ya kupanga mizigo, akaanza kutuma pesa, mama akaezekewa nyumba upya, na maneno ya kurudi yakafa yenyewe. Viza kwenye pasipoti ilikwisha mwaka jana, kwa hiyo kwa hesabu yangu amezidisha muda, lakini si sana.

Sasa amepata mchumba. Msichana ametulia, kwao asili ni Lamu, amekulia hukohuko na "ana karatasi". Posa imepokelewa, na mahari waliyotaja hayakumtoa mtu jasho. Tatizo ni mama. Anasema kijana wake wa kiume ni huyu mmoja, hataki aozwe kwa simu kama anayenunua bando. Leso za kugawa ameshazinunua Biashara Street, mpishi wa biriani ameshaongea naye, na mimi nasukumwa kila asubuhi nikaulize bei ya ukumbi. Mpango wao ni hivi: kijana aje Disemba, nikahi ifungwe msikitini mtaani kwetu, waende Lamu kwa fungate, kisha bibi harusi atangulie kurudi na kumvuta mumewe kwa haki ya ndoa. Mdogo wangu naye yuko mbioni kukata tiketi. Mama sukari yampanda na kushuka, na anaogopa asije kumkosa.

Ami yetu ana wazo lake: bwana na bibi harusi wabaki Ohio, nikahi ifungwe hapa kwa kuwakilishwa, mama apate sherehe yake, cheti kitumwe huko.

Halafu kuna ajenti mmoja wa mjini anayesema nikimpa elfu themanini ataifufua viza kutokea hapahapa. Sijampa kitu, lakini namba yake sijaifuta.

Akitoka, ataweza kurudi? Na ndoa yenyewe inafuta ule muda aliozidisha? Naomba anijibu aliyeyaona kwa macho, si aliyesimuliwa barazani.

Chipukizi wa Mwembe Tayari

Dada mwache kijana aje amzike... astaghfirullah, amuone mamake. Mke akiwa na karatasi hakuna wa kumzuia mume. Rafiki ya shemeji yangu alikuja akaoa na akarudi vizuri tu.

Mkalimani Ohio

Wa alaykum salaam dadangu. Tiketi asikate. Hilo kwanza, mengine tutaongea.

Mimi mzaliwa wa Majengo, na hapa Ohio naishi kwa kutafsiri: hospitali, mahakama, na mahojiano ya uhamiaji. Mimi si wakili, na kaka yako anamhitaji wakili. Lakini kesi za ndoa nimezikalia pembeni nyingi, kwa hiyo ninayosema nimeyaona.

Anza na tarehe. Viza ya kwenye pasipoti kazi yake ni kumfikisha mtu mlangoni. Muda wa kukaa hutolewa na ofisa wa mpakani siku ya kuingia, na kumbukumbu yake inaitwa I-94. Aitazame mwenyewe kwenye tovuti ya idara ya forodha na mipaka ya Marekani, kwa namba ya pasipoti aliyoingilia, kisha aichapishe na kuiweka. Mgeni wa matembezi kwa kawaida hupewa miezi sita. Kama ndivyo ilivyokuwa kwake, muda ulikwisha Februari 2023, ijapokuwa viza yenyewe ilikuwa bado hai. Hesabu yako ya "si sana" haipo tena.

Sasa ule mtego. Sheria iliyopitishwa 1996 inasema aliyekaa bila ruhusa zaidi ya siku 180 kisha akatoka, anafungiwa nje miaka 3. Aliyekaa mwaka mmoja au zaidi akatoka, miaka 10. Angalia hilo neno kutoka. Kaka yako akiwa amekaa Columbus kifungo hicho hakijamgusa; kinamgusa siku ndege itakapoinuka. Na hapo ndipo watu wetu wanapoangamia, kwa sababu wanaona kurudi nyumbani na kuomba upya kwa utaratibu ndiyo njia ya adabu. Upo msamaha unaoombwa kwa fomu I-601, lakini ni lazima mke, au mzazi aliye raia au mkaazi halali wa Marekani, athibitishwe kwamba atataabika kupita kiasi. Sukari ya mama aliyeko Kibokoni haiingii kwenye hesabu hiyo. Inauma lakini ndivyo ilivyo.

Habari njema ni hii. Mtu aliyeingia kihalali, akakaguliwa na kupokelewa mpakani, kisha akaoa raia wa Marekani ndoa ya kweli, anaruhusiwa kuomba ukaazi akiwa humohumo nchini. Kuzidisha muda kunasamehewa, na hata kule kufanya kazi bila kibali. Mke hujaza I-130, fomu ya kumwombea mumewe, mume hujaza I-485, ya kuomba ukaazi wenyewe, na zaweza kupelekwa pamoja. Tangu Aprili 2024 ada ni dola 675 kwa ile ya kwanza ikipelekwa kwa karatasi, na dola 1,440 kwa ya pili, kabla hujamlipa daktari wa uchunguzi wala wakili. Kibali cha kazi kinaombwa pembeni. Mke lazima pia atie sahihi ya dhamana ya kipato, I-864, na kama mshahara wake hautoshi atafutwe mdhamini wa kuongeza. Binamu yenu anaweza kufaa, akiwa raia au ana grini kadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu.

La ami: nikahi ya kuwakilishwa alifute. Sheria ya uhamiaji ya Marekani haiitambui ndoa ambayo bwana na bibi hawakuwepo pamoja ilipofungwa, mpaka wawe wamekutana kama mume na mke baada yake. Wote wawili wako mji mmoja, ya nini kujitafutia maswali? Hapa Ohio leseni ya ndoa hutolewa na mahakama ya mirathi ya kaunti, nayo hudumu siku 60. Wachukue leseni, kisha imamu aliyesajiliwa na jimbo awafungishe nikahi yao kama kawaida, kwa wali wa bibi harusi na mashahidi. Nikahi ya msikitini isiyo na leseni ni halali kwa Mungu, lakini kwa ofisa wa uhamiaji ni sherehe tu.

La ajenti sijibu. Futa namba.

Nina maswali mawili kabla ya kwenda mbali. "Ana karatasi" maana yake nini, ana pasipoti ya Marekani au ana grini kadi? Na kaka yako alipoajiriwa ghalani alijaza fomu inayoitwa I-9, penye kuchagua yeye ni nani. Alitia alama wapi? Kama alijiandika raia, asipeleke karatasi yoyote mpaka wakili ajue. Kazi bila kibali inasameheka kwa mume wa raia, lakini kujidai raia ni mlango unaofungwa moja kwa moja, na watu wanautia kufuli wenyewe kwa haraka ya kupata zamu.

Pwani Hustler

Njia fupi ipo. Kuna Wamarekani wanaolipwa, mnaandikishana, mwaka mmoja karatasi zimetoka, mnaachana. Yule wa Lamu amuoe baadaye. Mbona mnajitesa?

Mkalimani Ohio

@Pwani Hustler hiyo ni jinai ya serikali kuu: kifungo hadi miaka 5 na faini hadi dola 250,000. Na akishapatikana na ndoa ya kununua, hata akija kuoa kwa mapenzi ya kweli, ombi la mke huyo wa pili halikubaliwi. Huyu kijana ana mchumba wa kweli, wazazi wanajuana, posa imepita. Unataka aiharibu halali aliyonayo kwa kununua haramu.

Bint Kibokoni

Jazaka llahu kheir. Nimesoma nikaketi chini. Nimempigia mdogo wangu usiku wa kuamkia leo.

I-94 ni kama ulivyosema, Februari 2023. Kuhusu I-9, anasema alisaidiwa kujaza na mwenzake na hakumbuki. Nimemwambia akumbuke.

Msichana ana grini kadi. Aliipata pamoja na wazazi wake, na mwakani inatimiza miaka mitano. Sisi tulidhani ni mamoja.

Lingine sikulitaja mwanzo kwa sababu nililiona limekwisha. Mdogo wangu alikuwa na mke hapa, wa Kisauni. Hawakubahatika mtoto. Alipokuwa ameshafika Ohio walikosana, akamwachia talaka kwa sauti ya WhatsApp, ami akashuhudia. Msichana wa watu alikaa eda akamaliza, na nasikia anaposwa. Hiyo haina neno, sivyo?

Karani Mstaafu, Tudor

Binti yangu, hiyo ina maneno mengi.

Nilifanya kazi za masjala ya mahakama miaka mingi hapa pwani, na talaka za simu zilikuwa zimeanza kutufikia kabla sijastaafu. Kidini nawaachia masheikh. Kikaratasi, kaka yako mpaka leo ni mume wa mtu. Akiandikisha ndoa Ohio leo, ile ndoa mpya kwa macho ya uhamiaji haina miguu, kwani ya kwanza haijaonyeshwa kuwa imevunjika. Fomu zao zinauliza ndoa zote za nyuma na zilikwishaje, na zinataka hati.

Mahakama za Kadhi zimo kwenye Katiba ya 2010, ibara ya 170, na mamlaka yake ni hayo hasa: hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi kwa Waislamu wanaokubali kwenda mbele yake. Tafuteni kwanza cheti cha nikahi ya Kisauni. Kisha yule binti, maana yeye ndiye aliyeko hapa, afungue shauri talaka ithibitishwe na hati itolewe. Chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014, nakala ya uamuzi wa talaka hupelekwa kwa Msajili wa Ndoa. Mkaulizie papo hapo kama imepelekwa, msingoje.

Tarehe ya hati ya talaka itangulie tarehe ya ndoa mpya. Nimeona watu wakikimbilia kuoa kwanza na kutafuta hati baadaye, kisha wanashangaa.

Na nikuambie kitu ambacho hukukiuliza. Msiende kwa yule binti mikono mitupu mkamwomba asaini. Kama matumizi ya eda hakupewa, apewe, na kama mahari yana baki yalipwe. Ni haki yake. Naye akiposwa, hati hiyo itamfaa hata yeye.

Mkalimani Ohio

Mzee wangu Karani ameligusa pale penyewe, Mungu amuweke. Naongezea moja: kwa kuwa talaka ilitamkwa kaka akiwa Ohio, wakili wa huku aulizwe mapema kama hati ya Kadhi itatosha au ni salama zaidi kufungua talaka ya kiraia hapa. Mahakama za Ohio zinataka anayefungua awe ameishi jimboni miezi sita, na hilo analo. Mimi binafsi ningetaka wakili aione hati ya Kadhi kabla leseni ya ndoa haijaombwa. Ikiwa ndani yake mna Kiarabu au Kiswahili, itafsiriwe yote kwa Kiingereza, mpaka maneno ya muhuri, na mtafsiri atie sahihi kwamba anazijua lugha zote mbili.

Tuje kwenye grini kadi. Dadangu, si mamoja hata kidogo. Ule msamaha wa kuzidisha muda ni wa mume wa raia. Mume wa mwenye grini kadi, akiwa ameshapitiliza muda, kwa kawaida hawezi kumalizia ombi lake humu ndani, na akitoka kwenda kumalizia ubalozini Nairobi ile miaka 10 inamngoja. Kwa hiyo ufunguo wa kesi hii anao bibi harusi. Mwenye kadi kwa miaka mitano anaweza kuomba uraia kwa fomu N-400, na anaruhusiwa kuipeleka siku 90 kabla miaka hiyo haijatimia. Ada ni dola 760 kwa karatasi au 710 mtandaoni. Aanze kusoma maswali ya historia sasa hivi. Siku akila kiapo, mumewe anakuwa mume wa raia.

Je, waoane kabla ya kiapo? Wanaweza, na mke anaweza hata kutuma I-130 mapema. Lakini ombi hilo peke yake halimpi kaka ruhusa ya kukaa wala kufanya kazi, na linaweka jina na anwani yake mezani. Mwaka 2025 ziliripotiwa habari za watu waliozidisha muda kukamatwa hadi siku ya mahojiano ya ndoa, jambo ambalo miaka ya nyuma sikuwa nikilisikia. Hapo sisemi fanya wala usifanye. Wakili awatazame usoni awaambie. Wakishaoana waanze kuishi maisha ya karatasi pia: mkataba wa nyumba majina mawili, akaunti ya benki, bima, bili ya umeme.

Na wajuane kwa majina. Nilimtafsiria kijana mmoja wa kwetu aliyeulizwa jina la mama mkwe. Akasema, "Ma Zuhura." Ofisa akatazama fomu: Zuhura ni dada wa mkewe. Kijana jasho likamtoka, kwa sababu tangu amjue yule mama hajawahi kumtaja kwa jina lake, na angewezaje? Nami natafsiri maneno, siruhusiwi kueleza mila. Bahati nzuri ofisa aliuliza tena, mke akafafanua, wakacheka. Kaka yako ajue jina la mkwewe la kwenye cheti, hata kama hatalitamka tena mpaka kaburini.

Akishaomba I-485, hapo ndipo anaweza kuomba ruhusa ya kusafiri kwa fomu I-131, hata mama akiwa taabani. Asiondoke kabla ya kuishika mkononi, na hata akiwa nayo wakili akubali kwanza. Wakati ndoa haijatimiza miaka miwili, kadi atakayopewa ni ya masharti, ya miaka miwili, na kuyaondoa kuna fomu nyingine. Hilo ni la mbele, msilipapatikie leo.

Sherehe ya mama naona mmeisahau. Bibi harusi mwenye grini kadi hai anaweza kusafiri. Baada ya nikahi ya Ohio aje yeye, wiki mbili tatu, atiwe hina, apambwe, akina mama wamtunze. Asikae miezi, maana safari ya zaidi ya miezi sita inaweza kulivuruga ombi lake la uraia.

Chipukizi wa Mwembe Tayari

Nimeuliza yule rafiki ya shemeji. Kumbe alikuwa na viza ya kazi na hakuzidisha hata siku. Naomba maneno yangu yasihesabiwe.

Bint Kibokoni

Namba ya ajenti nimeifuta. Mdogo wangu amepata miadi na wakili wa uhamiaji hukohuko Columbus, na I-9 ataizungumza naye. Kisauni nitakwenda mwenyewe na shangazi, na matumizi ya eda tunayo kwenye bahasha. Ilikuwa hayakutolewa, mzee Karani hukukosea.

Kwa mama ilikuwa kazi. Amesema harusi gani isiyo na bwana harusi, nikamwambia kuna akina mama wangapi hapa mtaani walioolewa bwana akiwa baharini. Akanuna. Jioni akaniuliza bibi harusi anavaa saizi gani.

Limebaki moja. Cheti cha kuzaliwa cha mdogo wangu kimeandikwa Mohamed, pasipoti Muhammad. Tukibadilishe?

Karani Mstaafu, Tudor

Msikibadilishe kabla wakili hajasema. Mara nyingi hati ya kiapo inayoeleza kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja hutosha, na mkirekebisha cheti sasa mtapata cheti chenye tarehe mpya ambacho nacho kitaulizwa. Piga picha cheti chote, mbele na nyuma, mpelekee. Na ya Kisauni nenda asubuhi na mapema, masjala hujaa.